Kura Moja Uliyoitetea

Mpendwa Baba Gaude,

Sijawahi kukuamkia shikamoo tangu uliponioa, na sitaanza leo kwa sababu tu umetangulia. Anayeandika ni Gaude, mimi nasema. Barua hii itasomwa Jumapili, jumuiya itakapokuja kukusalia kwa kutimiza mwaka, mbele ya watu walewale niliokutukania mbele yao. Nilikuchafua uwanjani, siwezi kukusafisha jikoni. Gaude ameniuliza kama nina hakika. Nimemwambia ashike kalamu.

Nina wivu. Naanza na hilo ili watu wasipate taabu ya kunong'onezana kwenye mabenchi. Nilikuwa na wivu ulipokuwa hai, nikawa na wivu siku tunakuzika, na hata leo ninapokusemesha bado ninao. Wewe ulikuwa ukinicheka, ukisema, "Mama Gaude, wewe ungemwonea wivu hata daktari anayenipima homa." Ulisema kweli. Yule nesi wa zahanati mwenye mikono laini nilimwona.

Lakini huyu mmoja sikumwonea bure. Kabla yangu ulimposa Filomena wa Lumemo. Barua ya posa ilikwenda, ikajibiwa vizuri, kisha yeye akapata nafasi chuo cha ualimu na baba yake akasema binti asome kwanza. Ukasubiri mavuno mawili. Mavuno ya tatu ukaja Kisawasawa kwetu, ukanikuta napepeta mpunga uani na kanga imenifunguka kichwani. Mama yako ndiye aliyenisimulia hayo yote, siku ya nne baada ya harusi, tukitwanga pamoja, kwa sauti ya upole kabisa kama mtu anayemwonyesha mgeni kisima kilipo. Basi nikajua kwamba mimi ni mavuno ya tatu. Nikatwanga kwa nguvu mpaka chenga zikawa nyingi kuliko mchele.

Miaka ikapita, nikasahau kidogo. Kisha, Gaude akiwa darasa la pili, wakatuletea mwalimu mpya hapa Mbingu. Nilimwona akishuka kwenye treni na sanduku lake la bati na baiskeli, nikakugeukia. Ulikuwa umeshavua kofia. Hukumbuki? Mimi nakumbuka. Jua lilikuwa kali na wewe hukuwa na desturi ya kuvua kofia juani.

Unajua msimu wetu ulivyo. Mvua zikianza kushika tunahamia mashambani, huko bondeni, na watoto wetu tunakwenda nao, kwa sababu hatuwezi kuwaacha nyumbani peke yao miezi yote ile. Wanaondoka shule wakijua kusoma "baba analima", wanarudi baada ya mavuno hawajui hata "ba". Walimu wote waliopita walilalamika tu kwenye mikutano. Huyu hakulalamika. Kila Jumamosi alipanda baiskeli mpaka njia ilipoishia, akavua viatu, akakata matope kwa miguu, akatokea kwenye kibanda chetu na chaki mfukoni na kipande cha ubao kwapani. Watoto wa mashamba ya jirani wakakusanyika. Akawakalisha kwenye mkeka wangu, chini ya dungu la kulindia mpunga, na mimi nikiwa juu ya dungu hilohilo naamia ndege.

Nilikuwa nasikia kila kitu. "A, e, i, o, u," sauti za watoto. Kisha sauti yako, eti unauliza swali. Mtu mzima, balozi wa nyumba kumi, unamwuliza mwalimu wa darasa la pili maana ya neno! Kisha kicheko chako. Mwaka ule kwelea kwelea walikula mpunga wote wa upande wa mtoni, ukanilaumu kwamba nimelala juu ya dungu. Sikulala. Macho yangu hayakuwa kwa ndege.

"Mama Gaude," uliniita kutoka chini, "mletee Mwalimu pepeta."

Nilishuka, nikamletea pepeta ya moto, mpunga mchanga niliouvuna, nikaukaanga na kuutwanga kwa mikono yangu mwenyewe. Akala, akasifu. Wewe ukasema, "Mwalimu, chukua na ya kwenda nayo." Neno Mwalimu ulilitamka vizuri sana. Jina langu hujawahi kulitamka hivyo hata siku uliponitaka niuze kuku ili upate jembe la ng'ombe.

Sasa Gaude ameacha kuandika, ananitazama. Mwanangu, andika na hili: kwenye kibanda kile ndiko wewe, Gaude, ulikojifunza kusoma. Nalisema kwa sababu ni kweli, silisemi kwa kupenda.

Ndipo ukaja mwaka wa vyama vingi. Wewe ulikuwa mtu wa chama tawala tangu ujana, bendera yake ilikuwa juu ya mti mrefu mbele ya nyumba yetu, na watu wenye ugomvi wa kuku na wa mipaka walikuja kwako kwanza. Kwenye udiwani wa kata yetu wakasimama watatu. Wa kwanza yule mzee wa chama chako, ambaye tulikuwa tumeshamzoea kama tunavyozoea jino bovu. Wa pili yule mwenye malori ya kubeba mpunga, wa chama kikubwa cha upinzani, ambaye kila alipopita watoto walikimbilia vumbi lake. Wa tatu Mwalimu Filomena. Alikuwa ameomba kwenu kwanza, mkamwangusha kwenye kura za maoni, akaacha ualimu na kwenda chama kidogo ambacho hapa Mbingu tulikijua kwa bendera moja tu, ile aliyoifunga nyuma ya baiskeli.

Alikuwa na neno moja. Alisema akipita, msimu wa kilimo mwalimu atawafuata watoto shambani, liwepo darasa bondeni lenye paa, watoto wasisahau. Kila mahali aliposimama watu walipiga makofi. Wanawake wenzangu wa kusuka mikeka walilia kabisa. Kisha alipoondoka wakafuta machozi, wakaendelea na ukindu wao, wakaanza.

"Tunampenda Mwalimu, ila hashindi."

"Ukimpa yeye, umempa wa malori bila kujua."

"Mimi namtaka wa malori ili yule mzee atoke. Nikimpa Mwalimu, mzee atabaki."

Hivyo hivyo kijiji kizima. Wanaompenda waliompigia mzee walimpigia ili wa malori asipite, na wanaompenda waliompigia wa malori walimpigia ili mzee asirudi. Na wewe ulikuwa unalisema hilohilo, tena kwa sauti ya balozi, ukiwa umekaa kwenye kigoda chako: "Mama Gaude, Mwalimu ni mtu mzuri sana. Lakini kura ya chama cha tatu ni kura umeitupa porini."

Mimi nilisikia "mtu mzuri sana". Hayo mengine Gaude ndiye aliyekuja kunikumbusha.

Sasa nitasema jambo ambalo hukuwahi kulisikia kinywani mwangu. Nilikaa na ukindu mapajani nikafikiri hivi: huyu mwanamke akishindwa atabaki hapahapa, na Jumamosi za masika atatokea tena kibandani na chaki yake. Akishinda atakuwa diwani. Diwani ana vikao Ifakara mjini. Ana kamati, ana semina, atapanga nyumba huko karibu na halmashauri, na asiyekuwepo na lake halipo. Watu wote walikuwa wanatafuta namna ya kumzuia mtu asiyemtaka asipite. Mimi peke yangu katika kata nzima nilikuwa natafuta namna ya kumpitisha mwanamke nisiyemtaka, ili aondoke.

Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Ilikuwapo na nyingine ambayo sikutaka kuitazama. Wiki mbili kabla, nilipougua, zahanati walinipa vidonge kwenye bahasha, na Gaude akaichukua akasoma mwenyewe, bila kuulizwa, "viwili, kutwa mara tatu, baada ya kula". Mimi tangu nizaliwe nilikuwa nakunywa dawa kwa kukumbuka na kukisia. Nilimtazama mtoto yule, nikageukia ukutani ili asione uso wangu.

Siku ya kura unaikumbuka. Darasa la tatu, madawati yamesukumwa, na pembeni kile kijichumba cha siri, ambacho kwa kukosa vitambaa walikizungushia mikeka yetu wanawake wa kijiji. Wewe ulikuwa umekaa kwenye benchi la mawakala, umevaa koti nililolipiga pasi mimi, umeshaapa kiapo cha kutunza siri, na kiapo kimekupanda kichwani. Nilipopita mbele yako uliniinamia kichwa kama mtu anayemsalimu mke wa jirani. Wakala wa yule wa malori alikuwa pembeni yako, anapiga miayo. Filomena hakuwapo asubuhi ile, alikuwa amekwenda kupiga kura kwao Lumemo, alikoandikishwa.

Msimamizi akanielekeza. "Mama, weka alama ya vema kwenye kisanduku cha unayemtaka." Nikaingia. Mkeka uliokuwa mbele ya pua yangu ulikuwa wangu mwenyewe. Kwenye pembe niliiona alama yangu ya ukindu mweusi, mstari uliosimama na meno matatu upande mmoja, kama kitana kilichovunjika. Kila msukaji wa hapa ana yake, maana mikeka yote inauzwa na mama mmoja kule stesheni treni inaposimama, na bila alama utapewa sifa za mkeka wa mwenzio. Ya kitana ni yangu, na kabla yangu ilikuwa ya mama yangu.

Nikashika kalamu. Nikaiona picha ya Filomena, ameweka nywele vizuri. Nikataka kuweka vema, mkono ukagoma. Vema ni alama ya nani? Ni ya kwake. Ndiyo anayoiweka kwenye madaftari ya Gaude kwa kalamu nyekundu, na wewe unayashika madaftari hayo jioni unayatazama ukurasa baada ya ukurasa, eti unaangalia maendeleo ya mtoto. Nikasema moyoni, kura nitampa, alama yake siiweki. Nikachora kitana changu mbele ya picha yake, meno yote matatu, nikakunja, nikatumbukiza. Nilitoka nimeridhika. Nilidhani alama ni alama.

Jioni mlifungiwa ndani mkahesabu, mawakala na msimamizi, na Filomena naye akiwa amerudi na kukaa kama mgombea. Sisi tulisubiri uwanjani. Msimamizi alipotoka kusoma, wa malori alipata zake nyingi, mzee wenu akapata zake nyingi zaidi, na Mwalimu Filomena akapata kura moja.

Moja. Watu walioahidi kwa machozi walianza kutazama ardhi. Kisha mmoja akacheka, wakacheka wote, na wakaanza kuulizana ni nani. Hapo ndipo yule wakala wa malori, ambaye kiapo kilikuwa kimeshamtoka, akapaza sauti: "Mwulizeni Balozi! Kura yenyewe ilikuwa imeharibika, msimamizi ameshaiweka kando. Balozi ndiye aliyesimama, anasema ihesabiwe, ihesabiwe! Wakala wa chama tawala anamtetea mpinzani. Mchumba hasahauliki, jamani!"

Uwanja mzima ukageuka kukutazama. Kisha watu wakanitazama mimi.

Mbele ya Mungu na ya jumuiya hii, nilijua kura ile ni yangu. Tangu neno "moja" lilipotoka mdomoni mwa msimamizi nilijua. Nilijua vilevile kwamba wewe hukumpigia, maana ungempigia zingekuwa mbili. Ningeweza kusema sentensi moja tu na kicheko kingekufa palepale. Lakini ningesemaje? Nikiri mbele ya wasukaji wenzangu kwamba mwanamke niliyemsengenya mwaka mzima ndiye niliyempa kura yangu? Na wivu ulikuwa umeshaniwahi. Kwa kuwa kama hukumpigia, basi kwa nini ulimtetea? Kumpigia mtu ni kitu cha gizani, cha dakika moja. Wewe ulisimama mbele ya watu, ukiwa na koti la chama, ukamtetea yeye. Mimi hukuwahi kunitetea hata kwa mama yako aliponionyesha kwamba mimi ni mavuno ya tatu.

Basi nikafungua mdomo. Nilisema, "Miaka kumi na miwili nakupikia, kumbe unashibia kwingine!" Nikakuita mnafiki. Nikasema unakula kwa chama na kulala kwa mwalimu. Wewe ulisimama tu, kofia mkononi. Ulisema jambo moja, kwa sauti ndogo: "Mama Gaude, mimi nimeapa."

Nilisikia vibaya. Nilisikia mtu anayejificha nyuma ya kiapo.

Siku ya tatu wakaja watu wa chama kuchukua bendera. Walikuwa hawana ngazi. Ukawapa yetu, tena ukawashikia isiteleze, huku wakikuvua ubalozi wako mbele ya watoto wako. Mmoja akakuuliza, "Kwa nini, Balozi? Kura moja tu, na wala haikuwa yako." Ukamjibu, "Aliyeweka alama ile alijua anamtaka nani." Mimi nilikuwa jikoni, nasikia, na kura yangu iko kifuani imenikaa kama mfupa wa kambale. Sikutoka. Hili ndilo ninaloliungama leo, na kuliko matusi yote, hili ndilo linaloniuma. Tangu siku hiyo watu wenye ugomvi wa kuku walipita mbele ya nyumba yetu wakaenda kwa mwingine.

Nikafunga nguo zangu nikaenda Kisawasawa kwetu. Nilisema siwezi kukaa na mwanamume wa mtu. Ukaja kunifuata baada ya wiki tano, wewe na mshenga wetu, mmeshika jogoo kama desturi inavyotaka. Lakini ulikuwa umebeba na kitu kingine begani, mkeka. Kaka zangu wakadhani umeleta zawadi. Ukautandika katikati ya ua, ukapiga goti moja, ukainua pembe moja ya mkeka, ukaniuliza, "Mama Gaude, alama hii ni ya nani?"

Nami nikakujibu, "Usinibembeleze kwa mkeka wangu mwenyewe. Umeshindwa hata kununua wa mtu mwingine?"

Watu wote wakacheka. Nilijiona nimekujibu barabara. Wewe ulibaki umeishika ile pembe, unaniangalia, unangoja. Ulingoja sana, Baba Gaude. Kisha ukaulaza mkeka taratibu, ukanyoosha goti, ukaomba maji ya kunywa.

Nilirudi. Nilisema narudi kwa ajili ya palizi, watu wasije wakasema. Nilirudi kwa sababu kule kwetu nilikuwa nageuka upande wako wa kitanda na kukuta gunia la karanga. Tukaishi miaka mitatu, hatukuishi vibaya. Ila kila Mwalimu alipopita njia yetu na baiskeli yake, maana aliposhindwa alibaki akalima na bado Jumamosi alikwenda bondeni na chaki, siku hiyo ulikula mboga isiyo na chumvi. Ulikula ukamaliza, ukashukuru. Nilitamani ulalamike, ukakataa kunipa hata hilo.

Kisha zikaja zile mvua kubwa zilizoondoa madaraja, na baada yake homa, na wewe.

Matanga yako yalijaa. Hata waliokuvua bendera walikuja. Watani wetu Wangoni walifanya kazi yao, wakazuia jeneza njiani mpaka wapewe pombe, na siku ya pili mtani wako Komba akavaa koti lako lile la pasi na kofia yako, akasimama katikati ya uwanja akakuiga. Alikupata vizuri, mwendo wako wa kuchechemea na kile kikohozi cha kabla ya kusema. Akanyanyua kidole juu akapiga kelele: "Ihesabiwe! Ihesabiwe!" Watu wakaanguka kwa kicheko. "Balozi wa kura moja! Umekwenda mbinguni, huko nako ukamhesabie mchumba!" Mtani hakasirikiwi, najua. Sikumkasirikia yeye.

Niligeuka, nikamwona Filomena. Alikuwa amekaa na wanawake, macho mekundu, analia. Analia vizuri, kwa utulivu, na leso safi. Mimi mfiwa kamasi zilikuwa zinashuka kwenye kanga. Nikamwendea kwa magoti palepale kwenye mikeka, nikamwambia wote wakisikia, "Umekuja kuchukua kura yako, Mwalimu?"

Alijipangusa. Akasogea kidogo, akaikamata pembe ya mkeka tuliokalia, akaigeuza juu. Kitana changu, meno matatu.

"Mama Gaude," akasema, na alisema kwa sauti ya chini, mimi peke yangu nikasikia, "kura ile haikuwa na vema. Ilikuwa na hii. Msimamizi alisema imeharibika. Mimi mwenyewe nilinyamaza, nilijua hata ikihesabiwa sishindi. Balozi aliishika ile karatasi, akaitazama muda mrefu, akacheka peke yake. Halafu akasimama, akawa hataki kukaa mpaka ihesabiwe. Nilikuwa nimefundisha nikiwa nimekalia alama hii misimu mitatu, dada. Unadhani alikuwa ananitetea mimi?"

Sikulia pale. Nilikuwa naitazama ile pembe, nauona ua wa Kisawasawa, na goti lako moja chini, na mimi nawachekesha kaka zangu.

Kwa hiyo uliniambia. Uliapa usiseme, hukusema, ukanionyesha. Ungetamka tu, mbele ya yeyote, kijiji kingejua kwamba mke wa balozi ndiye aliyempa kura mpinzani, na wangenicheka mimi, na bendera ingeshuka kwa jina langu. Ukaacha ishuke kwa lako. Na ukiwa mtu wa chama, mtu uliyesema kwamba kura ya chama cha tatu imetupwa porini, ulipoiona ya mkeo imetupwa huko ukaenda kuiokota.

Jumuiya, mmesikia. Kura ilikuwa yangu. Baba Gaude hakusaliti chama, wala hakunisaliti mimi. Alitimiza kiapo, na yule wakala aliyepiga kelele uwanjani naye alikuwa ameapa.

Ungedhani wivu umeniisha. Haukuisha, umehama tu. Miaka mitatu wewe na Filomena mlikuwa na siri yenu ya watu wawili, na siri yenyewe nilikuwa mimi. Yeye ndiye aliyekuona ukiitambua kura yangu. Yeye ndiye aliyeusikia ule mcheko wako wa peke yako, ambao ulikuwa wangu. Mimi nilikuwa nje uwanjani, nangoja hesabu. Nimemwuliza mara tatu anielezee uso wako ulivyokuwa, na kila mara ananielezea, na kila mara namchukia upya, kisha namkaribisha chakula. Chumvi naweka. Najua hapa atakuwa ameinama kwenye benchi lake. Inua uso, Mwalimu, watu wanakuona.

Mwakani tunapiga kura tena. Filomena amesimama tena, kwa chama kingine cha tatu, maana kile cha kwanza kilikufa. Bendera mpya ipo nyuma ya baiskeli ileile. Wanawake wa mikeka wameshaanza: "Tunampenda Mwalimu, ila hashindi." Mimi nanyamaza nasuka. Sitaki tena aende Ifakara. Jumamosi bila yeye kibandani nitamsengenya nani, na nani atanisimulia habari zako?

Gaude amenifundisha. Tumekaa hapa mezani, akanishika mkono, akaniongoza: mstari mfupi unashuka, mrefu unapanda. Amesema, "Mama, safari hii usiharibu." Nimejaza ukurasa mzima wa vema, nzuri tu, zimelala upande mmoja. Siku hiyo nitaingia kwenye kile kijichumba, nitaweka vema kama watu wote, nitakunja, nitatumbukiza. Itahesabiwa bila mtu kusimama.

Na kwenye lile benchi hakutakuwa na mtu hata mmoja atakayejua kuwa ni yangu.

Lala, Baba Gaude. Koti lako nimelirudisha kutoka kwa Komba, nimelipiga pasi, lipo msumarini.

Ni mimi, mavuno yako ya tatu,
Mama Gaude